Makocha wa majaribio Mwanza, acheni kuwakata madogo kwa urefu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu maana hili jambo limenikaa rohoni na najua wazazi wengi huku Mwanza linawaumiza ila hawana pa kulisemea. Ni hii tabia ya makocha kwenye majaribio kuwakata watoto kwa kuangalia mwili tu, huyu mfupi, huyu hana mwili, huyu atavunjwa, na hapo mtoto hajagusa hata mpira. Mi nafundisha timu ya madogo wa chini ya miaka 15 huku Igoma kwa hiyo naongea kitu ninachokiona.

Kuna majaribio yalifanyika hapa mjini, timu siitaji. Madogo wakapangwa mstari mmoja, kocha akachomoa ile fimbo ya kibendera cha kona, akabandika plasta nyeusi karibu na ncha yake ya juu, akaanza kupita nayo kwa kila mmoja kaishika wima, ambaye utosi wake haufiki kwenye plasta anaoneshwa kidole akae pembeni, basi. Kiungo wangu mmoja, dogo anayepiga pasi kwa miguu yote miwili na anageuka na mpira kabla hujamfikia, akakaa pembeni na viatu vya kuazima alivyovifunga kamba vizuri tangu asubuhi. Hakucheza hata dakika moja jamani. Aliyekuwa anatafutwa ni nani, kipa? beki wa kati? winga? Hakuna aliyesema, fimbo ilikuwa moja kwa wote.

Nilipouliza nikajibiwa wenzetu Marekani ndo wanavyofanya, dogo bila mwili hapati skolashipu, na mtu akanitolea simu kunionesha klipu za ule mpira wao wa Kimarekani wa vyuo, ule wa kubeba mpira mikononi, majitu yanagongana. Na wengine wanakutajia Hasheem Thabeet, kijana wetu wa sentimita 221 aliyesoma na kucheza kikapu chuo cha Connecticut akachukuliwa wa pili kwenye drafti, yaani pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ya ligi ya kikapu ya NBA mwaka 2009. Sawa, Thabeet tunajivunia. Ila huo mpira wa vyuo vya Marekani nimeufuatilia kwa miaka, na ukiuangalia vizuri unamkatalia kabisa huyo kocha wa fimbo.

Kule mwili unapimwa kwa kazi. Wale watano wa laini ya mbele wanaomlinda kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kwenye vyuo vikubwa wanakuwa na kama sentimita 193 na kilo 136 hivi, na hata wao kwa wao wanatofautiana, wa pembeni wanatafutwa warefu zaidi wenye mikono mirefu kwa sababu wanakutana na wapinzani wanaozunguka kwa nje kumfuata kwotabeki na inabidi wawazuie mbali, ila yule wa katikati anayeanzisha mpira mara nyingi ni mfupi kidogo maana anatakiwa aanzie chini na asukume kwenda juu, ukiwa mrefu pale unabebwa. Wanaowakabili katikati nao kilo ni zilezile au zaidi. Lakini sogea nje kidogo tu uone. Kona beki, yaani beki wa pembeni anayemkimbiza risiva, yule mdaka pasi, ana kama sentimita 180 na kilo 84, huyo tukimleta Kirumba leo anaonekana mtu wa kawaida kabisa. Risiva mwenyewe anamzidi kidogo tu. Lainibeka, beki anayesimama nyuma ya laini ya ulinzi, anakaa kwenye kilo 104 hivi kwa sababu anatakiwa agombane na wakubwa na bado akimbie, kwotabeki kama 188 kwa kilo 95, ranibeki anayebeba mpira anakuwa wa 178 hivi ila kajaa, kilo tisini na kitu, kwa sababu ufupi unamsaidia kujificha nyuma ya wale wakubwa na mtu anayekaa chini ni mgumu kumwangusha. Timu moja, uwanja mmoja, na tofauti ya kilo hamsini kati ya mchezaji na mchezaji! Ungepita na fimbo moja pale ungeharibu timu nzima.

Na hata hivyo vipimo havifungi mlango. Doug Flutie wa Boston College alikuwa na sentimita 178, akawa kwotabeki akachukua tuzo ya Heisman mwaka 1984, ambayo ndo tuzo kubwa kuliko zote ya mchezaji wa vyuo. Bryce Young wa Alabama urefu huohuo, Heisman 2021, na 2023 akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo. DeVonta Smith, risiva wa Alabama pia, mwembamba mpaka watu walikuwa wanamhofia, karibu kilo 77 hivi, kabeba Heisman ya 2020. Alafu kuna Deuce Vaughn wa Kansas State, ranibeki, sentimita 165. Mia moja sitini na tano Mhariri! Dallas Cowboys wa NFL wakamchukua 2023. Haya yametokea kwenye mchezo ambao mtu wa kilo 136 anaruhusiwa kukuangukia, sasa sisi kwenye soka, mpira uko chini, tunamkatalia kiungo wa miaka 13 kwa sababu ya plasta.

Kitu kingine ambacho hao wanaonitolea klipu hawakijui ni kwamba ile miili inatengenezwa. Vyuo vya kule vina utaratibu wanauita redishati, dogo mpya anakaa mwaka wa kwanza na timu, anafanya mazoezi yote, anaingia jimu, anakula kwenye meza ya timu chini ya mtu wa lishe, na mwaka 2018 sheria ikaruhusu acheze mpaka mechi nne bila ule mwaka kukatwa kwenye miaka anayoruhusiwa kuchezea chuo. Dogo wa laini anaweza kufika na kilo 115 akaondoka na 136. Zamani hata hiyo 136 ilikuwa kioja, William Perry wa Clemson miaka ya mwanzo ya themanini alipita hapo wakambatiza jina la Friji kwa ukubwa wake, leo laini nzima ya chuo kikubwa inafika hapo. Watu hawakubadilika damu, kilichobadilika ni chakula na vyuma na mchezo wenyewe. Na ina gharama zake maana wale wa laini presha zinawasumbua na wengi wakistaafu wanapambana kupunguza zile kilo, kwa hiyo wala sisemi tuige.

Sasa rudi kwetu. Dogo wa Igoma au Buhongwa anatoka shule jioni hajala tangu uji wa asubuhi, anakuja mazoezini, anarudi kula ugali na dagaa kama dagaa wapo. Tunakaa kwenye ziwa lenye sato na sangara, minofu inapandishwa ndege kwenda Ulaya na watoto wanaocheza mpira mita chache toka mwaloni wanapata vichwa na mapanki. Alafu anasimamishwa kwenye fimbo anaambiwa hana mwili. Huo mwili alitakiwa autoe wapi? Kama timu inataka miili iweke sufuria la chakula mazoezini, hata maharage na yai, ndo iulize habari ya mwili.

Na umri huo ndo mbaya zaidi kupima mtu. Kila mwalimu wa darasa la saba anajua hili, mvulana mmoja anarefuka ghafla na miaka 12, mwingine anasubiri mpaka 15 au 16, na aliyechelewa anaweza kuja kumpita aliyewahi. Huko Ulaya wameshalichunguza hili kwenye akademi zao wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wamejaa na wa mwisho wa mwaka ni wachache, kwa sababu tu wa Januari kamtangulia wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua na kocha anadhani anaona kipaji. Kwetu ndo usiseme, unaongeza na wale wanaopunguza umri kwenye cheti, kwa hiyo fimbo yako inamchagua aliyedanganya na inamtupa mwenye umri halali.

Sikatai kwamba mwili una kazi kwenye soka. Kipa namtaka mrefu, mabao ya juu hayana huruma, Courtois ana mita mbili na unaona faida yake. Beki wa kati akiwa mrefu ni vizuri pia, ingawa Cannavaro alikuwa na 176 akawa nahodha wa Italia iliyobeba Kombe la Dunia 2006 na mwaka huohuo akachukua Ballon d'Or. Ila kiungo? Winga? Messi ana 170, Maradona alikuwa 165. Hawa wote wawili wangekaa pembeni na kiungo wangu kama wangepimwa na miaka 13 kwa ile fimbo. Messi ndo kabisa, alikuwa na tatizo la homoni ya ukuaji, Barcelona wakamwona anavyocheza kwanza alafu wakagharamia matibabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa makocha wa Mwanza, wa Pamba Jiji, wa akademi zote za Ilemela na Nyamagana, na walimu wanaochagua timu za UMITASHUMTA na UMISETA: mkitangaza majaribio andikeni mnatafuta nafasi gani na umri gani, na kila dogo aliyefika acheze angalau dakika ishirini kwenye nafasi yake kabla hamjasema neno lolote kuhusu mwili wake.

Na nyie gazetini naomba msaada mmoja. Mtume mwandishi kwenye mazoezi ya timu zetu za Ligi Kuu akiwa na mizani na futi ya fundi cherehani, apime wachezaji wenyewe bila viatu, asichukue zile namba za kwenye karatasi za klabu maana hata vyuo vya Marekani vinajulikana kuongeza inchi kwenye orodha zao, huyo Vaughn chuo kilimwandika 168 alipopimwa na NFL ikatoka 165. Mchapishe kwa nafasi, kipa, beki, kiungo, straika. Karatasi hiyo nitaikata niibandike kwenye ukuta wa darasa tunalobadilishia nguo, na nakala nyingine nitampelekea yule kocha mkononi.

Mwalimu wa timu ya vijana,
Igoma, Mwanza