Zuhura, kabla hujalipia darasa la batiki

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza kama inafaa kulipia darasa la siku moja la batiki, na video za bure zimejaa kwenye simu. Lipia. Vipimo utavipata popote, hata mimi nakuandikia hapa chini. Lakini nta tunayochorea kitambaa ili rangi isiingie, iliyopata moto na ile ambayo bado, kwenye simu zinafanana. Kaa karibu na fundi, udondoshe tone moja mwenyewe, na hutauliza tena. Nta ikiwa tayari, inazama, na pale ilipoingia kitambaa kinapitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ikiwa bado, inakaa juu, nyeupe kama ukoko, rangi inapenya chini yake na ua lako linatoka limevurugika. Ikianza kufuka moshi, epua haraka. Ikishika moto, funika kwa mfuniko, usithubutu kuimwagia maji. Kwa mwanafunzi ni salama zaidi sufuria la nta likae ndani ya sufuria kubwa lenye maji yanayochemka.

Faida ya pili ni mfuko wako. Haidro, ule unga unaotiwa pamoja na rangi ili ishike kitambaa, ukishafungua kopo inaanza kupoteza nguvu, hasa kwa unyevu wetu huu wa pwani, na wewe bado hujui kama kazi utaipenda. Darasani unatumia vijiko vichache vya kopo la wote.

Sasa kitambaa. Kiwe pamba tupu: marekani au bafta. Muuza duka atakuapia, wewe chomoa uzi uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wenye poliesta unayeyuka na kuganda kidonge kigumu, na huo rangi hii hauishiki. Kisha chemsha kitambaa kwa sabuni ya unga kama nusu saa kuondoa wanga wa kiwandani, suuza. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanalaumu rangi kwa mabaka.

Kwa mita 4 anza na maji ya vuguvugu lita 8, rangi vijiko 2 vya chakula, kostiki (soda kali) vijiko 2, haidro vijiko 4, ila pakiti ikisema vingine fuata pakiti. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole. Ukiyamwaga maji juu ya kostiki inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Na tumia beseni la plastiki, shoga yangu. Masufuria yetu mengi ni alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa povu na gesi inayoweza kuwaka. Kazi hii ni ya uani penye upepo, watoto wakiwa mbali.

Koroga taratibu, funika, subiri kama dakika 10, kisha tazama. Rangi nyingi za aina hii zikiiva hubadilika ndani ya beseni, na hapa ndipo jicho la fundi linapolipia ada yako. Chukua mfano wa nili, rangi ya buluu: maji yanageuka manjano yenye ukijani. Kitambaa kikitoka kina ukijani huohuo, na ukikiinua tu kwenye hewa kinaanza kugeuka buluu mbele ya macho yako, kuanzia kwenye mikunjo iliyo juu. Wanafunzi wengi hapo wanadhani wameharibu na kukirudisha haraka kwenye beseni. Kiache kipate hewa. Lakini kama maji yamebaki na rangi ileile ya unga, haidro imechoka au ni kidogo. Ukiloweka hivyo, rangi itakaa juu tu na kuondoka yote siku ya kufua.

Maji yakiwa ya moto nta inaachia, kwa hiyo kwa batiki ya nta hakikisha mkono unayavumilia (ndani ya glovu, bila shaka). Ile ya kufunga kitambaa kwa uzi, bila nta, haina shida hiyo. Mimi ningekushauri uanze nayo: kosa lake kubwa ni kufunga kilegevu, na hilo unaliona mara tu unapofungua, pale palipotakiwa kuwa peupe pameingia ukungu wa rangi. Ukitumia rangi mbili, tangulia nyepesi.

Mwisho suuza mpaka maji yatoke meupe, maana kostiki iliyobaki inadhoofisha nyuzi. Kuondoa nta, chemsha kitambaa kwenye maji ya sabuni. Itaelea, iache ipoe, uikusanye uitumie tena. Ukiyamwaga maji hayo kwenye sinki yangali ya moto, nta itaganda ndani ya bomba.

Kabla ya kulipa, waulize mambo mawili. Kila mtu anatia rangi kitambaa chake mwenyewe, au mnamtazama fundi? Na jiko moja wanalizunguka watu wangapi? Zaidi ya sita, hutaiona nta. Pitia pia ofisi ya SIDO ya mkoa ujue mafunzo yao yanaanza lini. Shirika hili lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na batiki si ngeni kwao.

Glovu nunua ndefu, zifike karibu na kiwiko. Fupi zinajaa kostiki ukizamisha mkono, na hapo ni bora usingevaa kitu, maana inakaa humo humo ikikuunguza.

Nisalimie mama, mwambie kaniki yake tutaitia nili upya.

Wako,
Mwanaidi