Mgonjwa wa saratani asinyimwe chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ushauri unaowatesa wagonjwa wa saratani hapa Moshi. Wanaambiwa, mitaani na hata redioni, kwamba saratani inakula sukari, basi waache ndizi, ugali na matunda ili uvimbe ufe njaa. Mimi ni muuguzi. Nimemwona mama wa Kibosho, amebaki mifupa, akisukuma pembeni bakuli la mtori alioletewa na binti yake. "Sista, nikila huu nitakuwa naulisha ugonjwa."

Ushauri huo umeshika nusu ya ukweli. Tangu miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hufakamia glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, hata oksijeni ikiwepo ya kutosha. Kipimo cha picha kiitwacho PET hutumia tabia hiyohiyo kuonyesha uvimbe ulipojificha.

Lakini kinga ya mwili nayo inakula. Chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, zikishaamshwa kupambana, huhitaji glukosi nyingi ili ziongezeke. Ndani ya uvimbe zinagombea chakula kilekile na saratani, na asidi inayomwagwa humo inazilegeza. Watafiti wanaamini hii ni sababu mojawapo ya dawa za kuamsha kinga kuwasaidia wagonjwa wengine na wengine zisiwasaidie, ingawa ugunduzi uliozizaa uliwapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Wanatafuta namna ya kuibana saratani bila kuinyima kinga chakula, kazi ngumu kwelikweli, kwa kuwa zote mbili hutumia njia zilezile.

Kujinyima mezani hakumalizi ugomvi huo. Mtu asipokula, ini lake hutengeneza glukosi kutokana na protini za misuli yake mwenyewe, na damu inaendelea kuifikisha kwenye uvimbe. Anayekonda ni mgonjwa. Akidhoofika mno, dozi ya dawa zake hupunguzwa au huahirishwa, na hapo saratani ndiyo inayopata nafasi.

Sisemi anywe soda kutwa, na mwenye kisukari afuate masharti yake. Ninachoomba ni hospitali zetu za Kilimanjaro na Arusha ziwe na mtaalamu wa lishe kila siku ya kliniki ya saratani, azungumze na mgonjwa pamoja na yule ndugu anayempikia. Nanyi wa magazeti na redio, kabla ya kumpa mtu kipindi cha kufundisha wagonjwa kufunga, mwiteni kwanza daktari wa saratani amsikilize.

Muuguzi,
Moshi