Mtalii akiuliza ngozi imetoka wapi, ajibiwe ukweli

Mhariri,

Mtalii akishika mkoba katika vibanda vya Kisumu, kuanzia mjini kati hadi ufuoni Dunga, huuliza mambo mawili: ngozi hii ni ya mnyama gani, na imetengenezwa kwa dawa gani? Wauzaji wengi humjibu kwamba ni ya asili, haidhuru mazingira, basi. Sisi tunaoshona na kuuza bidhaa hizi tunaona jibu hilo linatuumiza sote. Mgeni aliye tayari kulipa bei ya juu amekwisha kulisikia kwao mara nyingi, na akilisikia tena bila maelezo huurudisha mkoba kwenye ndoano.

Tuanze na dawa, yaani kile kinachotiwa ngozi mbichi ili isioze. Ngozi nyingi ya ng'ombe iliyo sokoni imetengenezwa kwa chumvi za kromu, aina ya metali. Ikikatwa, mara nyingi katikati ya ukingo huonekana rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Kromu hupenya ngozi kwa muda wa siku moja hivi ndani ya pipa linalozunguka. Dawa nyingine, magome ya mti wa muwati, huchukua wiki kadhaa yakitumiwa shimoni. Ngozi ya muwati huwa ngumu kidogo, hunywa tone la maji likaacha doa, na rangi yake hukolea kadiri inavyoshikwa. Hiyo ndiyo wageni wengi huihesabu kuwa ya hadhi, nasi tuna haki ya kuiuza kwa bei yake. Lakini tusiwaambie kwamba haina uchafu. Kabla ya kutiwa dawa yoyote, ngozi hulowekwa kwa chokaa na salfaidi ili manyoya yatoke. Maji hayo yakimwagwa mtoni bila kusafishwa huua samaki, iwe baadaye ngozi ilitiwa muwati au kromu. Muuzaji amuulize mwenye kiwanda maji yake yanaishia wapi kabla ya kununua hata futi moja.

Mgeni kutoka Ulaya ana sababu nyingine ya kuuliza. Tangu Mei 2015, Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuzwa kwa bidhaa ya ngozi inayogusa mwili ikiwa ina zaidi ya miligramu 3 za kromu ya aina ya 6, ile inayodhuru mwili, kwa kila kilo. Kromu inayotumiwa kiwandani ni ya aina ya 3, ila inaweza kugeuka kuwa ya aina ya 6 ikiwa kazi haikufanywa vizuri, hasa ngozi inapokaa penye joto na ukavu. Kwa hiyo kuanika mikoba juani kutwa nzima mbele ya kibanda ni kosa, mbali na kwamba ngozi hukauka na kupasuka.

Jambo linalotukera zaidi ni makovu. Ng'ombe wetu wa kienyeji huumwa na kupe, huchanwa na miiba, hupigwa chapa ya moto. Mafundi wengi huona haya, hutafuta ngozi iliyokwanguliwa uso kwa msasa na kupakwa rangi nzito ya plastiki. Inang'aa dukani. Baada ya misimu michache ya joto na unyevu wa ziwa, ile rangi hupasuka penye mikunjo na kubanduka kama ganda. Mkoba wenye kovu dogo la kupe kwenye kifuniko, uso wake ukiwa haujakwanguliwa, hudumu zaidi, na kovu lenyewe ni ushahidi kwamba ngozi ni halisi. Mwonyesheni mgeni. Wekeni kidole hapo na mweleze.

Tunayo pia ngozi ya mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, inayobaki baada ya viwanda kukata minofu. Samaki huyu havuliwi kwa ajili ya ngozi yake, na nyuzi zake zinavyopishana huifanya iwe imara kuliko wembamba wake unavyodokeza. Huharibiwa na mambo mawili: mafuta yasipotolewa yote, mkoba hunuka ukipata joto; na ikitiwa maji ya moto wakati wa kazi, hujikunja, kwa maana haistahimili joto kama ya ng'ombe.

Na tafadhali, anayeuza ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba asiseme ni mamba. Ngozi za mamba na chatu kwa kawaida huhitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ili kuvuka mipaka. Mgeni akirudia maneno yenu uwanja wa ndege, mkoba unaweza kuzuiliwa.

Kuhusu kudumu, mwonyesheni mshono wa mkanda. Ule wa sindano mbili kwa mkono, matundu yakiachana milimita 4 na uzi ukiwa na nta, ukikatika mahali pamoja hushikiliwa na mishono iliyobaki. Wa cherehani ukikatika huweza kufumuka kwa urefu. Ukingo usuguliwe msasa, ulowanishwe, upakwe nta na kusuguliwa kwa mti hadi ung'ae. Rangi iliyopakwa juu ya ukingo mbichi hupasuka upesi.

Tunapendekeza kila kibanda kifunge kadi ndogo kwenye mkoba: mnyama, dawa iliyotumika, mahali iliposhonwa, na namba ya simu ya fundi atakayebadilisha zipu au bizimu. Pasipojulikana dawa, kadi iandikwe hivyo hivyo.

Mafundi na wauzaji wa bidhaa za ngozi,
Kisumu