Umeweka oili ya sinthetiki? Bado hesabu saa za foleni

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alituletea gereji Toyota IST yake. Tangu tumbadilishie oili alikuwa ametembea kilomita 9,000 na ushee, wala hakuwa na wasiwasi. "Fundi, si mliniwekea sinthetiki? Mpaka 10,000 bado." Alimaanisha oili ya sinthetiki, ile inayodumu kuliko ya kawaida.

Tulipofungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilitoka oili nyeusi tii, haikufika lita mbili. Injini ile inachukua karibu lita 3.7 pamoja na filta. Iliyobaki ilikuwa imeungua kidogo kidogo, na taa haikuwaka, kwa sababu taa nyekundu ya oili inaangalia presha, haipimi kiasi. Injini ilipona, lakini ilikuwa karibu.

Na sisi tulikosea. Tuliandika 10,000 kwenye stika bila kumuuliza gari linatembea wapi. Kumbe anatoka Gongo la Mboto kwenda Posta kila siku, asubuhi na jioni yumo kwenye foleni. Kilomita za dashibodi hazihesabu foleni. Chukua kilomita 5,000: anayekwenda Dodoma kwa wastani wa 80 kwa saa, injini yake imeunguruma saa 62 hivi. Kwa mwendo wa foleni, tuseme 15 kwa saa, ni saa 333. Kilomita ni zile zile, ila oili ya huyu wa pili imepikwa zaidi ya mara tano.

Toyota wenyewe, kwa magari mengi ya petroli yasiyo na turbo yanayouzwa Japani, wanasema oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa matumizi magumu wanakata nusu: 7,500 au miezi sita. Safari fupi fupi, vumbi na kusimama huku injini inawaka, hayo ndiyo matumizi magumu. Hayo ndiyo maisha ya gari la Dar.

Sinthetiki tunaipenda, na hela yake inalipa. Inastahimili joto, haigeuki tope upesi, na asubuhi inapanda juu ya injini haraka. Ila nayo inachafuka. Oili ya kawaida kwa gari la mjini tunaimwaga kabla ya 5,000.

Wapo wanaotuomba 20W-50, oili nzito, kwa kuwa "nzito ndiyo inalinda". Kwa injini ya VVT-i, yaani yenye mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa valvu kufunguka, tunakataa. Ile mifumo inaendeshwa na presha ya oili kupitia vijia vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika. Kama kitabu cha gari kinasema 5W-30, ambayo ni nyepesi zaidi, weka 5W-30.

Galoni tunalifungua mbele yako, na likiisha tunalitoboa, lisije likajazwa oili feki.

Stika zetu sasa zina kilomita na tarehe; kinachotangulia ndicho kinachokurudisha gereji. Katikati, pita tukupimie kijiti cha oili bure. Ukipima mwenyewe, egesha mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika tano.

Yule wa IST tumemwandikia 6,000 au miezi sita.