Utafiti wa SUA umfikie mkulima kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Siku hizi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kikitajwa, wengi huanza na habari za panya. Wanayo haki. Panya buku wanaofundishwa pale Morogoro na shirika la APOPO wamenusa mabomu yaliyotegwa ardhini Msumbiji, Angola na Kambodia, na wengine wananusa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Ni sifa ya nchi nzima. Ila wapo panya wengine, ambao SUA ilianza kuwachunguza hata kabla APOPO haijahamia Morogoro mwaka 2000, na matokeo ya uchunguzi huo bado hayajafika yanakohitajika.

Nawazungumzia panya shamba. Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wameonyesha kwamba vuli ikinyesha kwa wingi, panya hawa huzaa mapema kuliko kawaida yao, na watoto nao huwahi kuzaa, ndipo unapokuja mlipuko wa msimu unaofuata. Wameonyesha pia kwamba hasara kubwa ya mahindi hutokea siku chache tu baada ya kupanda, panya anapofukua mbegu au kukata miche iliyochomoza juzi. Maana yake ni kwamba anayengoja kuona mapengo kwenye mistari ndipo atafute sumu amekwisha kuchelewa. Na anayeweka sumu peke yake, majirani wakiwa wametulia, shamba lake litajazwa tena na panya wa kwao.

Haya ni mambo ya kuzungumzwa kwenye mkutano wa kijiji kila vuli inapokuwa nzito. Lakini yamelala katika majarida na tasnifu za Kiingereza, na bwana shamba mwenyewe, mwenye vijiji kadhaa na pikipiki moja, hana muda wa kuyachambua.

SUA iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984, ikitokana na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwapo Morogoro tangu 1969. Ikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka huohuo kwa ajali ya gari, mkoani humohumo. Chuo kinaendeshwa kwa kodi, na sehemu kubwa ya walipakodi hao wanaishi kwa jembe.

Sisemi chuo kimejifungia. Hapa kwetu Mgeta, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa miaka ya 1980 kupitia SUA wamebadilisha maisha ya kaya nyingi milimani. Maharage ya SUA 90, Rojo, Pesa na Mshindi yametoka mikononi mwa watafiti wake. Redio na televisheni ya chuo zipo, na Nane Nane banda lao halikosi watu. Lakini tazama kilichotufikia: ni mbegu na mnyama, vitu vinavyoingia kijijini bila kuhitaji msomaji. Maarifa yasiyoweza kufungwa kwenye mfuko wala kuswagwa kwa fimbo, kama yale ya panya na mvua, ndiyo yanayobaki kabatini.

Ombi langu kwa uongozi wa SUA ni hili. Kila mwanafunzi wa uzamili na uzamivu aliyefanya utafiti wake kwa wakulima au wafugaji aandike kurasa mbili za Kiswahili: alichunguza nini, wapi, aliona nini, na mkulima afanye au aache nini. Kurasa hizo zisomwe kwanza na afisa ugani, na akikwama ziandikwe upya. Kisha zipelekwe kwenye halmashauri ulikofanyika utafiti na zihifadhiwe katika Maktaba ya Taifa ya Kilimo iliyopo chuoni hapo, wazi kwa yeyote.

Najua pingamizi litakalokuja, kwamba istilahi hazitoshi. Mwaka 2021 nchi yetu ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na istilahi za sheria si nyepesi kuliko za udongo au magonjwa ya mifugo. Pingamizi zito zaidi ni la wahadhiri: kupanda cheo kwao kunategemea sana makala za majarida ya kimataifa, na kurasa mbili za Kiswahili hazimwongezei mtu chochote. Hilo naliona ni la haki kabisa. Basi Baraza la Chuo lizipe kurasa hizo alama katika kupandisha vyeo, hata kama ni chache, na msimamizi wa mwanafunzi naye ahesabiwe.

Kuanza na tasnifu za panya shamba kungefaa, kabla ya vuli ijayo.

Mkulima na msomaji wako,
Mgeta, Mvomero