Usimalize dawa ya kusafisha tumbo usiku

Wateja wanaonunua dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo cha kamera ya utumbo mpana, hapa dukani kwetu Mtwara mjini, huuliza: naweza kuinywa yote usiku, asubuhi nisafiri kwa amani? Tunawaelewa. Anayetoka Newala au Tandahimba hawezi kupanda basi huku tumbo linaendesha. Hata hivyo tunamwambia asifanye hivyo.

Kamera ya utumbo mpana, yaani kolonoskopi, hutafuta vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Baadhi hugeuka saratani, mara nyingi baada ya miaka 10 au zaidi. Vikionekana mapema, daktari huvikata palepale. Kazi ni kuviona. Upande wa kulia, pale utumbo mwembamba unapoishia, kuna vinyama bapa, rangi yake karibu sawa na ukuta wenyewe, tena vimefunikwa na ute. Ukisafisha jioni ukalala, usiku nyongo na ute hushuka kutoka utumbo mwembamba na kutanda upande huohuo. Ndiyo maana dawa hugawanywa: nusu jioni, nusu ya pili ianze zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na imalizwe angalau saa 2 kabla.

Kwa hiyo lala mjini usiku ule, kwa ndugu au gesti yenye choo ndani. Uko tayari ukitoa maji ya njano yasiyo na tope, kama mkojo. Yakiwa bado machafu, mwambie nesi kabla hujalazwa kitandani.

Korosho, jamani, ziacheni siku 2 au 3 kabla, na mbaazi pia. Mabaki yake huziba tundu la kufyonzea la kamera. Siku ya mwisho ni chai ya rangi na supu iliyochujwa. Juisi nyekundu hapana, daktari ataidhania damu. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aje kwetu kabla hajanywa chochote, maana baadhi ya dawa za kusafisha tumbo ni hatari kwa figo.

Yaliyobaki ni ya daktari: afike mwanzo kabisa wa utumbo mpana, kisha arudi taratibu, kwa sababu ukaguzi hasa hufanyika kamera ikitoka. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa dakika 6. Mwongozo wa Marekani wa 2024 umekipandisha hadi 8. Uliza kama alifika huko, na utumbo ulikuwa safi kiasi gani. Kama haukuwa safi, jibu la "hatukuona kitu" lisikutoshe. Uliza urudie lini.

Ukipewa tarehe, njoo na karatasi ya miadi. Tutakuandikia saa ya kunywa kila nusu.