Sungura akinasa wavuni: jinsi tunavyomchinja bila kumtesa

Wateja wengi wanaotupigia simu kutoka Buswelu, Kisesa na Buhongwa wana shida ya namna moja. Walinunua sungura wawili watatu, wakawaachia uani ndani ya uzio wa mabati badala ya kuwajengea banda la kuinuliwa, na sungura wakafanya kama asili yao inavyowatuma: wakachimba. Sasa mashimo yamejaa chini ya ukuta na chini ya tangi la maji. Penye miamba, na Mwanza hii miamba haikosekani, wameingia hadi kwenye nyufa ambazo mkono haufiki. Mwenye nyumba hajui wako wangapi. Anataka watolewe, wengine wauzwe, wengine waingie chunguni.

Kazi hiyo tunaifanya, kuanzia kukamata hadi kuchinja. Tunaomba usome kwanza tunavyoifanya, kwa sababu baadhi ya njia tunazozikuta zimeshatumika kabla hatujaitwa zinatuumiza sana.

Sungura wa kufugwa si yule sungura pori wa vichakani kwetu, ambaye hulala juu ya ardhi na kutegemea mbio. Huyu wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, na mababu zake huishi kwa ukoo ndani ya mashimo yenye milango kadhaa. Ukichokoa mlango mmoja kwa fito, anahamia mwingine. Ukifukiza moshi wa pilipili au kumwaga maji ya moto, wakubwa huenda wakatoka, lakini vitoto ambavyo havijafungua macho vinafia ndani polepole, na baada ya siku mbili harufu inakufuata sebuleni. Mbwa naye humrarua. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili wa aina hii. Hata isingekuwepo, sisi tusingefanya.

Uingereza wawindaji humwingiza shimoni fereti, mnyama mdogo mwembamba aliyefugwa kwa karne nyingi, jamii moja na kicheche. Sungura akimnusa hutoka mbio na kuingia kwenye wavu mdogo uliotegwa mlangoni, wenye kamba inayojifunga kama mdomo wa mfuko. Mwindaji hodari huwa amepiga magoti hapohapo, anamtoa wavuni na kummaliza papo hapo. Sisi fereti hatuna, na hatumhitaji. Tulichochukua kwao ni huo wavu wa mfuko, na ile desturi ya kukaa karibu nao.

Sungura hutoka kula jioni na alfajiri, kwa hiyo tunakuja kabla jua halijachomoza. Usiku wa kuamkia siku hiyo tunakuomba usiwape majani wala pumba, ili watoke na njaa. Tunatega kila mlango, tunaweka majani mabichi nje, tunatulia. Wavu wetu ni wa uzi mnene na laini. Tafadhali usijaribu mwenyewe kwa kipande cha wavu wa timba, ule wa kuvulia samaki, ulichookota mwaloni. Uzi ule mwembamba wa nailoni unamkata ngozi, na akijiviringisha shingoni ananyongwa taratibu.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni hili: wavu haukai peke yake hata kidogo. Sungura ana misuli ya nguvu kwenye miguu ya nyuma na mifupa myepesi sana. Akirusha mateke huku kiuno kimebanwa, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mnyama huyu kwa kawaida ni bubu, ukisikia amepiga yowe ujue hofu au maumivu yamepita kiasi. Kwa hiyo akinasa tu, mmoja wetu anamkandamiza chini kwa kiganja, anamfunika macho kwa kitambaa na kumshika ngozi ya shingoni huku mkono wa pili ukibeba kiuno. Masikio hayashikwi kamwe.

Hapo tunamwangalia. Jike mwenye chuchu zilizojaa na manyoya yaliyonyofolewa tumboni ana watoto shimoni. Huyo tunamwachia arudi, hata mteja akinuna. Jike wa sungura hunyonyesha kama mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache, kwa hiyo kutomwona na watoto hakumaanishi hana. Tutarudi wakishaanza kula majani wenyewe.

Wa kuuzwa wanaingia kwenye tenga, kivulini, wakiwa na maji. Wa kuchinjwa hawaingii tengani wala kwenye kiroba kusubiri wenzao. Kila mmoja anamalizwa hapo alipokamatwa, upande ambao wenzake hawaoni.

Kwa mteja asiye na sharti la dini, tunampiga pigo moja zito kwa rungu fupi nyuma ya kichwa, chini kidogo ya masikio, naye anapoteza fahamu. Papo hapo anakatwa shingo damu itoke. Sungura mdogo tunaweza kumvunja shingo kwa mikono: miguu ya nyuma mkono mmoja, kichwa mkono mwingine, anavutwa kwa nguvu huku kichwa kikikunjwa nyuma. Dume kubwa la kilo nne hatumfanyii hivyo. Shingo yake ni nene, na mkono ukisita anateseka.

Kwa Waislamu utaratibu ni tofauti, na tunauheshimu kikamilifu. Hapigwi rungu wala havunjwi shingo, maana akifa kabla ya kisu ni kibudu. Anachinja Mwislamu, kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwa kisu kilichonolewa mbali na macho ya mnyama, kinachokata koo na mishipa mikubwa kwa mkato mmoja. Ukali wa kisu ndio huruma yenyewe hapa. Cha jikoni kilichokwisha makali kwa vitunguu hatukitumii, hata ukisema kinatosha.

Watu huogopa wanapoona miguu ikirusha baada ya hapo. Mateke hayo ni ya misuli na neva, hutokea hata fahamu zikiwa zimekwisha. Sisi tunatazama mbavu kama bado zinapumua kwa mpangilio, na tunagusa mboni ya jicho kwa ncha ya kidole. Akipepesa, bado yupo, na anamalizwa mara hiyohiyo. Kuchuna hakuanzi mpaka jicho limenyamaza kabisa.

Upole huu utauona hata kwenye sahani. Mnyama aliyehangaika muda mrefu humaliza sukari iliyo kwenye misuli, nyama yake ikawa nyeusi na isidumu. Aliyejigonga huwa na paja lililovilia damu, na hilo tunalikata na kulitupa. Ini tunakufungulia ulione: likiwa na madoa meupe, mara nyingi ni koksidia, yaani ugonjwa wa vimelea, na hapo tutazungumza kuhusu kuwatibu waliobaki na kuwatoa chini kabisa. Nyama ipumzishe kwenye friji hadi kesho yake kabla ya kuipika. Ukiitia chunguni saa ileile itakuwa ngumu, nawe utadhani tumekuuzia mzee.

Huduma hii ni kwa kitoweo cha nyumbani. Kama nyama ni ya mgahawa, onana kwanza na afisa mifugo wa kata yako kuhusu ukaguzi. Majirani wakikuomba uwagawie, kumbuka Wasabato hawali sungura, na wapo wengi mitaani kwetu. Unapopiga simu tuambie mashimo unayoyaona ni mangapi, kama pana mwamba karibu, na kama unahitaji mchinjaji Mwislamu, ili tuje naye alfajiri hiyohiyo. Mbwa wafungiwe tangu usiku.